Maneno Yanayotokea Ukutani Mstari kwa Mstari

(Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima)

KWA KIONGOZI WA KIKUNDI. Kabla ya kipindi kuanza, tayarisha vitu hivi: kompyuta moja yenye programu ya kuonyesha slaidi, ubao na chaki, karatasi moja kubwa ya kufunikia ubao, na daftari na kalamu kwa kila mwanakikundi. Asiye na kompyuta asikae nyumbani, kwa maana nusu ya somo hili hujifunzwa kwa chaki. Muziki ukisikika katikati ya kipindi, huo ndio wakati wenu wa kufanya kazi.

(Muziki)

MWALIMU: Wasikilizaji wapenzi, hamjambo? Karibuni tena katika somo letu. Mliokaa barazani, sogezeni redio karibu. Mlio na watoto wadogo, wapeni kitu cha kuchezea, kwa sababu leo tutaandika.

Wiki iliyopita tulijifunza kutengeneza slaidi: kuweka kichwa cha habari juu, na maneno machache chini yake, makubwa ya kusomeka na mtu aliyekaa nyuma. Leo tutajifunza jambo ambalo wengi wenu mmeliulizia, nalo ni maneno yanayotembea. Nyote mmepata kuyaona, harusini au kwenye semina. Jina la bwana harusi linaruka kutoka pembeni, linazunguka kama pia, kisha linatua katikati, na watu wanapiga makofi. Ni jambo la kupendeza. Lakini sisi ni wanafunzi, hapana budi tuulize: mwendo huo una kazi gani? Unamsaidia nani, na unampotosha nani?

Nimekuja na mgeni hapa studio. Ni mama anayekaa Magomeni Kagera, na ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye akina mama ishirini na watano. Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwalimu. Hamjambo nyote mnaosikiliza?

MWALIMU: Mama, tueleze kwanza namna kikundi chenu kinavyotunza fedha, halafu utueleze yaliyokupata.

MAMA: Sisi tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu wanazo watu watatu mbalimbali. Tukikutana kila Jumamosi, kila mmoja ananunua hisa zake. Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya macho ya wote. Hakuna noti inayoingia sandukuni wala kutoka pasipo kuonekana. Mwisho wa mwaka tunapiga hesabu, tunagawana, tunaanza upya.

Basi mwaka jana tukasema, na sisi twende na wakati. Tukaazima projekta, tukatundika shuka jeupe ukutani. Mimi nikampelekea daftari langu kijana mmoja anayechapa kazi za watu, akazihamisha hesabu zote kwenye slaidi. Ni kijana mwema, alitaka kunifurahisha. Kumbe kila hesabu ameipa mtindo wake! Hisa zikaingia zikizunguka. Faida ikadundadunda kama mpira. Gharama zikaja herufi moja moja, zikakaa kidogo, zikayeyuka. Watoto wakashangilia.

Sasa, mwalimu, tunaye bibi mmoja kikundini, mtu mzima. Alijifunza kusoma zamani katika madarasa ya ngumbaru, na mpaka leo husoma kwa kufuatisha kidole. Akasimama, akasema, "Mweka hazina, ile laki tatu iliyopita pale ilikuwa ya nani, na imekwenda wapi?"

MWALIMU: Nayo ilikuwa nini?

MAMA: Ilikuwa gharama zetu za mwaka mzima, daftari na kukodi viti na nauli za benki. Nikageuka nimwonyeshe, ukutani haipo! Nikaanzisha slaidi upya, tarakimu zote zikaanza kuruka tangu mwanzo. Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alisema neno moja tu: "Fedha haziruki. Anayezirusha ana sababu yake."

Haikupotea hata shilingi moja, mwalimu. Lakini siku ile hatukugawana. Tulikaa wiki mbili tukipitia daftari, na mimi wiki mbili sikulala.

MWALIMU: Pole sana, mama.

MAMA: Nimekwisha poa. Ila mkutano wa mwaka huu ni Jumamosi ijayo, ndiyo maana nimekuja.

MWALIMU: Basi umekuja wakati unaofaa. Wasikilizaji, nataka mfahamu jambo moja. Bibi yule hakukosea. Aliuliza swali ambalo kila mwenye hisa ana haki ya kuliuliza, na ukuta haukumjibu. Kosa lilikuwa katika mwendo wa maneno. Tutazame ni kosa gani.

CHAKI NA KARATASI

MWALIMU: Wazee mnakumbuka kwamba mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Aliyeutangaza ni Mwalimu Julius Nyerere, ambaye siku za kudai uhuru alikaa Magomeni, na nyumba yake ya pale sasa ni makumbusho. Katika miaka iliyofuata madarasa ya kisomo yalienea nchi nzima, na chombo cha mwalimu kilikuwa ubao na chaki.

Fikirini namna chaki inavyofanya kazi. Mwalimu anasema neno, kisha analiandika. Wanafunzi wote wanalitazama likizaliwa mahali pake, kwa mwendo wa mkono. Akimaliza kuandika, neno linasimama. Halikimbii. Anayesoma upesi amelisoma, na anayesoma polepole ana nafasi ya kulirudia mara mbili, mara tatu, mpaka ubao ufutwe. Na kama maswali yameandikwa yote mapema, mwalimu huyafunika kwa karatasi, akaiteremsha kidogo kidogo, swali moja baada ya jingine.

Kwa hiyo neno la ubaoni lina tabia tatu. Ziandikeni. Kwanza, huja kwa wakati wake. Pili, husimama mahali pake. Tatu, hubaki mpaka kazi imekwisha.

Sasa ichukueni slaidi ya kawaida, isiyo na mwendo wowote. Mistari yote mitano inatokea kwa mara moja. Wewe msemaji unaeleza mstari wa kwanza, lakini macho ya watu yameshafika wa tano, wanatafuta watapata kiasi gani. Sikio liko huku, jicho liko kule. Slaidi ya namna hiyo imeitupa ile karatasi ya kufunikia ubao. Mwendo wa maneno, ukitumiwa vyema, unaturudishia karatasi yetu: mstari wa kwanza tu, tuuzungumze, kisha wa pili. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, na ndiyo sababu ya somo la leo.

Hata historia ya programu hizi inaonyesha hivyo. Inayojulikana zaidi, PowerPoint, ilitoka mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Forethought, na mwaka ule ule kampuni hiyo ilinunuliwa na Microsoft. Toleo lile la kwanza halikurusha neno lolote. Lilitoa kurasa nyeusi na nyeupe za kuchapwa, kisha zikatiwa kwenye plastiki na kumulikwa ukutani kwa taa. Wasemaji wengi waliotumia plastiki zile waliifunika kila moja kwa karatasi, wakaishusha mstari kwa mstari, kama mwalimu wa ngumbaru. Kuzungusha na kudundisha kulikuja baadaye.

JICHO LINAVYOSOMA

MWALIMU: Mama, kwa nini yule bibi aliona laki tatu ikipita, lakini hakuwahi kusoma kwamba ni gharama?

MAMA: Nafikiri kwa sababu ilikwenda mbio.

MWALIMU: Ndiyo, na lipo jambo zaidi. Jicho la msomaji haliendi juu ya mstari kama gari juu ya reli. Huruka na kutua, huruka na kutua, kama ndege anayedonoa mtama. Kila linapotua hukaa kiasi cha robo ya sekunde, na ni wakati huo wa kutua ndipo linaposoma. Neno linalotembea halina mahali pa kutua. Jicho likifika, neno limeshaondoka. Msomaji hodari hubahatisha, akapata. Anayesoma kwa kidole hulazimika kungoja neno lisimame ndipo aanze. Likiyeyuka kabla hajamaliza, kwake ni kama halikuandikwa.

Tena kuna jambo la pili. Kitu kinachotikisika hulivuta jicho hata kama hulitaki. Unavuka Barabara ya Morogoro pale Magomeni Mapipa, unatazama mbele, lakini basi la mwendokasi likitokea pembeni unalihisi kabla hujageuza kichwa. Ndivyo tulivyo, na ni jambo linalotuponya barabarani. Lakini mkutanoni lina hasara. Neno likichezacheza pembeni mwa slaidi, hakuna atakayekusikiliza, hata akijitahidi.

Nendeni Kariakoo jioni mkatazame zile taa za madukani zenye maandishi yanayopita, bei ya simu, bei ya viatu. Mwenye duka ana haki ya kuyatembeza, kwa sababu kazi yake ni kumnasa mpita njia asiyemjua. Mweka hazina ana watu ambao wameshakaa kwenye viti, nao wamekuja kwa fedha zao wenyewe. Hana haja ya kuwanasa.

MAMA: Na kanga, mwalimu? Jina la kanga nalo hutembea.

MWALIMU: Hutembea, lakini linatembeaje?

MAMA: Kanga inatembea, jina limetulia mahali pake juu ya pindo. Na mtu akitaka jina la kanga yake lisomwe na jirani, hapiti mbio wala hazunguki. Atapita polepole, tena atasimama kidogo mlangoni!

MWALIMU: (Anacheka) Wasikilizaji, mmepata mfano uliozidi wa kwangu.

AINA NNE ZA MADOIDO

MWALIMU: Mafundi wa kompyuta wanaita mwendo huu uhuishaji, maana yake kukipa kitu uhai. Sisi tutauita madoido, kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema. Katika PowerPoint madoido yamegawanyika katika jamaa nne, na kila jamaa ina alama yake.

Jamaa ya kwanza ni ya kuingia. Alama yake ni nyota ya kijani. Neno halikuwapo, sasa lipo.

Jamaa ya pili ni ya kusisitiza. Alama yake ni nyota ya manjano. Neno lipo tayari, sasa linabadilika rangi, au linakua, au linatetemeka.

Jamaa ya tatu ni ya kutoka. Alama yake ni nyota nyekundu. Neno lilikuwapo, sasa linaondoka.

Jamaa ya nne ni ya njia. Alama yake ni mstari. Neno linahama kutoka hapa kwenda pale.

Kwa hesabu za watu, ninakushaurini mchukue jamaa ya kwanza peke yake, na ndani yake doido moja tu, lile la kutokea bila kuruka. Jamaa ya tatu, ya kutoka, ndiyo iliyomponza mama yetu. Hesabu iliyokwisha kuonyeshwa haiondoki mpaka mkutano ukubali.

Wenye programu ya Impress, ambayo ni sehemu ya LibreOffice na hupatikana bure, nanyi mtakuta jamaa hizi hizi. Mtangulizi wa LibreOffice aliitwa OpenOffice, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulimtoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Kwa hiyo msidhani kwamba kompyuta haiwezi kusema lugha yetu. Lakini kompyuta nyingi za mitaani kwetu zina maneno ya Kiingereza, kwa hiyo nitayataja kama yalivyoandikwa, nanyi myaandike herufi kwa herufi.

HATUA KWA HATUA

MWALIMU: Kiongozi wa kikundi, fungua slaidi moja yenye mistari mitano. Kila mstari umalizike kwa kubonyeza kitufe cha kushukia mstari mpya. Hili ni la lazima, kwa maana kompyuta huhesabu mstari kwa kitufe hicho.

Hatua ya kwanza. Bofya juu ya maneno, kisha bofya ukingoni mwa kisanduku kilichoyazunguka, ili kisanduku kizima kiwe kimechaguliwa.

Hatua ya pili. Tazama ukanda wa juu, utafute neno hili: A, N, I, M, A, T, I, O, N, S. Animations. Lisomeke "animesheni". Libofye.

Hatua ya tatu. Patatokea safu ya nyota za kijani. Tafuta iliyoandikwa A, P, P, E, A, R. Appear. Maana yake tokea. Ibofye. Utaona tarakimu ndogo pembeni mwa mistari: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hizo hazitaonekana ukutani. Zinakuonyesha wewe mpangaji nani atatangulia.

Ukiona mistari yote ina tarakimu moja, maana yake itatokea yote pamoja. Karibu na zile nyota pana kitufe cha chaguzi, Effect Options. Kifungue, uchague By Paragraph, yaani aya kwa aya. Tarakimu zitajipanga.

Hatua ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitaisema mara mbili. Upande wa kulia wa ukanda ule pana neno Start, yaani anza. Mbele yake pana chaguzi tatu. Ya kwanza ni On Click: mstari hungoja ubofye. Ya pili ni With Previous: hutokea pamoja na uliotangulia. Ya tatu ni After Previous: hutokea wenyewe uliotangulia ukimaliza. Chagua ya kwanza. Narudia, chagua ile inayokungoja wewe. Mama, hesabu zako za mwaka jana zilikungoja?

MAMA: Hata kidogo! Nilipobofya mara moja tu, zikafuatana zenyewe mpaka mwisho. Mimi bado nasema "hisa", wao wanaona gharama.

MWALIMU: Basi hapo ndipo kompyuta ilipokunyang'anya chaki mkononi. Kijana wako alichagua ile ya tatu. Mashine ikawa mwalimu, nawe ukawa mtazamaji kama wengine.

Hatua ya tano. Jaribu. Bonyeza kitufe F5 katika safu ya juu ya kibodi. Katika kompyuta nyingine ndogo hushikwa pamoja na kitufe cha Fn. Slaidi itajaza skrini, ikiwa na kichwa cha habari tu. Bonyeza kitufe kirefu cha chini, mstari wa kwanza utatokea. Bonyeza tena, wa pili. Ukitaka kurudi nyuma hatua moja, bonyeza mshale wa kushoto. Ukitaka watu wakutazame wewe na si ukuta, bonyeza herufi B, ukuta utakuwa mweusi. Bonyeza tena, maneno yatarudi. Ukimaliza, bonyeza Esc.

Wenye Impress, chagueni mistari yenyewe, kisha fungueni alama ya nyota iliyo upande wa kulia, mwongeze doido kutoka orodha ya kuingia. Na huko pia mwanzo uwe wa kubofya.

Wasio na kompyuta, andikeni mistari mitano ubaoni, muifunike kwa karatasi, na mmoja wenu aishushe mwenzake anapoeleza. Mtakuwa mmefanya jambo lile lile.

(Muziki)

HESABU YA MAMA

MWALIMU: Haya, sasa tuifanye kazi ya Jumamosi. Hesabu hizi ni za mfano. Andikeni:

Hisa za wanachama: sh. 9,600,000
Faida ya mikopo: sh. 1,440,000
Faini: sh. 60,000
Gharama, toa: sh. 300,000
Za kugawana: sh. 10,800,000

Mama, tuseme mimi ndiye mkutano. Anza.

MAMA: Ndugu wanachama, mwaka huu tumenunua hisa 4,800, kila moja kwa sh. 2,000. (Anabofya) Huo hapo, milioni tisa na laki sita.

MWALIMU: Ngoja, mama. Umebofya, ukaanza kusema hapo hapo. Mwanachama atasoma au atasikiliza?

MAMA: Vyote viwili.

MWALIMU: Yule bibi je?

MAMA: Yule hawezi. Akisoma, hasikii.

MWALIMU: Basi tufanye hivi. Sema kwanza, kisha bofya, kisha nyamaza. Wakishasoma, soma wewe kwa sauti. Halafu uliza, "Tumeuona?" Wakijibu, ndipo uende mstari wa pili.

MAMA: Ninyamaze mpaka lini?

MWALIMU: Wewe unaonaje?

MAMA: (Anafikiri) Mpaka kidole chake kifike mwisho wa mstari.

MWALIMU: Hapo hasa. Saa yako iwe kidole chake, kwa sababu wanaosoma upesi hawapotezi kitu wakingoja. Endelea.

MAMA: Waliokopa wamerudisha pamoja na faida. (Anabofya. Kimya) Milioni moja, laki nne na arobaini elfu. Tumeuona? Haya. Waliochelewa vikao wametozwa faini. (Anabofya. Kimya) Elfu sitini. Na sasa ndugu zangu, tumetumia fedha. Tumenunua daftari, tumekodi viti, tumelipa nauli. (Anabofya. Kimya) Laki tatu. Hii tunaitoa.

MWALIMU: Umeona? Laki tatu ile ile. Mwaka jana ilipita kama mwizi. Leo imetokea baada ya kutajwa, imesimama, na tangu sasa haiondoki. Hata mtu akiuliza baada ya nusu saa, utaielekeza kwa fimbo, ipo.

MAMA: Na ya mwisho, zilizobaki za kugawana. (Anabofya. Kimya) Milioni kumi na laki nane.

MWALIMU: Ziko hisa 4,800. Kila hisa inapata kiasi gani?

MAMA: Sh. 2,250. Mwenye hisa 200 aliweka laki nne, atapokea laki nne na nusu.

MWALIMU: Hesabu hiyo ya mgawo iandike katika slaidi ya pili, nayo itokee hatua kwa hatua vile vile. Na kama unapenda doido moja la kusisitiza, liweke hapo tu, kwenye sh. 2,250: ibadilike rangi mara moja, kisha itulie. Watu watajua kwamba hilo ndilo neno la siku. Ukisisitiza kila mstari, hujasisitiza hata mmoja.

MAMA: Imemweke-mweke kama taa?

MWALIMU: La, mama, na hapa nina onyo la afya. Maandishi yanayomweka-mweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja yanaweza kumwamshia kifafa mtu mwenye ugonjwa huo wa aina inayochochewa na mwanga. Huwezi kujua ni nani ukumbini. Yaache kabisa.

MAMBO YA KUJIHADHARI

MWALIMU: Kabla hatujaagana, shikeni mambo manne.

La kwanza ni kuchapa. Karatasi haina mwendo. Baadhi ya watu hupanga maneno juu ya maneno mahali pamoja, moja liingie jingine likitoka. Ukutani inapendeza, ukichapa, yote yanalaliana na hakuna linalosomeka. Kila mstari uwe na nafasi yake mwenyewe. Mkiishatumia doido la kutokea tu, slaidi ikichapwa itakuwa na mistari yote mitano wazi, na kila mwanachama anaweza kwenda nayo nyumbani.

La pili ni simu. Mkituma faili kwa WhatsApp baada ya kuigeuza kuwa PDF, mwendo wote hupotea, hubaki maneno. Hili si baya, mradi hesabu ieleweke bila mwendo. Na hicho ndicho kipimo cha kazi yenu: ukiondoa madoido yote, je, ukweli umebaki kamili?

La tatu ni kompyuta ya kuazima. Doido lililopangwa katika programu moja linaweza kubadilika au kupotea katika programu nyingine. Lile la kutokea tu halileti taabu nyingi kama yale ya kuruka. Hata hivyo, fikeni mapema, mjaribu kwa kompyuta ile ile na projekta ile ile itakayotumika.

La nne ni umeme. Andikeni mistari ile ile mitano kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa ya manila, na karatasi nyingine ya kuifunika. Umeme ukikatika, mtaitundika ukutani na mkutano utaendelea.

MAMA: Mwalimu, mimi nina wazo. Jumamosi nitamwomba yule bibi akae mbele, karibu na mimi, na nitamwambia mbele ya wote: bibi, leo wewe ndiye unayeniruhusu. Usipotikisa kichwa, sibofyi.

MWALIMU: Atakubali?

MAMA: Sijui. Mwaka mzima huu hununua hisa moja tu kila Jumamosi, moja tu, ili asitoke kikundini. Zamani alikuwa ananunua tano. Nataka nione baada ya Jumamosi atanunua ngapi.

MWALIMU: Nasi tutapenda kujua. Njoo utuambie.

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Yashikeni haya: neno lije kwa wakati wake, lisimame mahali pake, libaki mpaka kazi imekwisha. Tumieni doido moja, la kutokea, na mwanzo wake uwe wa kubofya. Semeni, bofyeni, nyamazeni, someni, ulizeni. Wiki ijayo tutajifunza kuweka picha katika slaidi. Kwaherini.

(Muziki)

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Taja tabia tatu za neno lililoandikwa kwa chaki. Ni ipi iliyokosekana katika mkutano wa mwaka jana wa mama mweka hazina?

2. Kwa nini mwenye duka wa Kariakoo anaweza kutumia maandishi yanayopita, na mweka hazina hawezi? Ziko shughuli gani mtaani kwenu ambapo maneno ya kuruka yanafaa?

3. Bibi alisema, "Fedha haziruki. Anayezirusha ana sababu yake." Je, alikuwa na haki kusema hivyo kabla ya kuona daftari? Wagawanyike wawili, mmoja amtetee bibi, mwingine amtetee mweka hazina.

4. Katika kikundi chenu, ni nani asomaye polepole kuliko wote? Huwa anakaa wapi katika mikutano yenu, na nani humngoja?

KAZI YA MIKONO. Andaeni slaidi moja ya mistari mitano juu ya mapato na matumizi ya kikundi chenu, au ya nyumba moja kwa mwezi mmoja. Itokee mstari kwa mstari. Mmoja aeleze, mwingine abofye, na wa tatu akae nyuma kabisa akiandika alichosoma. Mwishoni linganisheni alichoandika na kilichokuwa ukutani. Vikitofautiana, fanyeni tena polepole zaidi.